Mgeni Haulizwi Bei

Misugusugu hakuna siri ambayo haijapita kwenye kibanda changu cha chipsi. Kwa hiyo Castory, kijana anayepeleka watu matembezini wikiendi, aliponilalamikia kwamba wateja wake wamechoka kuangalia twiga, sasa wanataka kuona kijiji, niliacha viazi vikaungua.

"Wapeleke kwetu Mzenga!" nikamwambia. "Watachimba muhogo, watakunywa madafu, na shangazi yangu Biasha atawapikia. Ukionja kisamvu chake utaulizia kiwanja."

"Dada Hajira, usinitanie. Jumamosi naleta Kosta moja imejaa watu. Nikikuta mnajua biashara, nakuja kila Jumamosi. Nikikuta ubabaishaji, nahamia kijiji kingine."

Kila Jumamosi! Nyie, mnaijua Mzenga? Korosho za akina mama mpaka zifike Mlandizi, nauli imeshakula faida, na mlanguzi anakula iliyobaki. Leo wanunuzi waje wenyewe mpaka mlangoni? Nilifunga kibanda, nikaenda Mzenga kuwakusanya akina mama. Tukapanga: shangazi atauza chakula, Rahma madafu, wengine korosho na mikeka. Bei zote tukakubaliana.

Jumamosi Kosta ikaingia kwa honi na vumbi, kijiji kizima barabarani. Wakashuka watu wa Dar na Kibaha, miwani myeusi, simu juu. Shambani kulikuwa na kelele kama fainali. Elinipa, mama mmoja mnene kutoka Kibaha, alivuta shina la muhogo, likamvuta na yeye, akakaa chini pwaa! Alicheka yeye kabla yetu. Nikamwona Castory anatabasamu, nikajua imo hiyo.

Mambo yakaharibika kwenye chakula. Elinipa alikaa mkekani, akafungua pochi.

"Mama, sahani shilingi ngapi?"

Shangazi Biasha akaweka upawa chini. "Umesemaje?"

"Nauliza bei, mama."

"Umekaa mkekani kwangu, unaniuliza bei? Kwani hapa stendi? Kula, mwanangu!"

Nikamvuta nyuma ya jiko. "Shangazi, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nitawauzia watalii. Watalii wako wapi? Hawa wameniamkia!"

"Shangazi!"

"Mtu ananipigia shikamoo, namwitikia marahaba, halafu nimdai? We Hajira, chipsi zimekupofusha."

Habari Mzenga haitembei, inaruka. Rahma aliposikia kwa Biasha wanakula bure, angeanzaje kuwauzia madafu wageni wa jirani yake? Akayagawa yote. Korosho nazo zikafuata, kila mama anashindana na mwenzake, vifijo juu. Wageni walifurahi mpaka wakacheza. Mimi nilitamani kulia.

Castory akaninong'oneza, "Ndiyo biashara hii? Nikiwaleta mara tatu hapa, kijiji hakina kuku. Sirudi, dada. Nitakuwa nawadhulumu."

Na shangazi hakuwa amemaliza. Wageni wanapanda gari, yeye na wenzake hao, wanampa kila mgeni bakuli la kisamvu limefungwa kitambaa, akale kwake.

"Mama, na bakuli lako je?" Elinipa akauliza.

"Utajua mwenyewe. Ila kwetu chombo hakirudi kitupu."

Kosta ikaondoka. Akina mama wakanitazama, mimi nikatazama vumbi.

Jumatano, niko kibandani nimenuna, simu ikaita. Castory!

"Dada Hajira, wamenivuruga! Kundi la WhatsApp linawaka. Kila mtu anasema ana bakuli la watu ndani, halali vizuri. Na wanataka kuja na wenzao. Kosta moja haitoshi!"

Jumamosi zilikuja mbili. Walishuka wamekumbatia mabakuli kama wamebeba watoto, ndani sukari, mchele, sabuni. La Elinipa lilikuwa na kitenge kipya. Shangazi alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Nami nikawaza: leo tena bure, halafu Castory ndiyo basi.

Watu walipokwisha kukaa, shangazi akajifunga kanga kiunoni, akapaza sauti: "Haya! Wali kuku huku, kisamvu huku!" Akataja bei zote, moja moja.

Mimi ndiye niliyeruka. "Shangazi! Si wageni hawa?"

"Mgeni gani? Aliyerudisha bakuli ni jirani. Jirani nikimlisha bure kila wiki, mimi nitakula nini?"

Elinipa akacheka, machozi yakamtoka. "Basi jirani, nipunguzie."

"Thubutu! Mimi nikija kwako Kibaha utanipunguzia?"

Rahma kusikia hivyo, panga likalia kwenye madafu. Korosho zikatoka ndani, mikeka ikatandazwa, watu wanagombea foleni. Castory akashika kichwa, akaonyesha kwa kidole watu wa Kosta ya pili, wale wapya, wamesimama hawajui wafanye nini.

"Na hawa je, mama? Hawana bakuli. Watakula bure?"

"Wale bure, kwa nini wasile? Mgeni haulizwi bei." Shangazi akamgeukia Elinipa, mkono kaukunjua. "Lakini wamekuja na wewe. Ni wageni wako, jirani. Lipa."

Elinipa akapiga ukelele, akawageukia wenzake wa wiki iliyopita. "Jamani, toeni pochi! Tuna wageni!"