Mkono wa Birika

Mkono wa birika ulibaki kiganjani mwa dada mtu; birika lenyewe la kauri lilianguka mezani, likapasuka palepale lilipopasukia zamani, na chai ya moto ikammwagikia mguuni. Hakupiga yowe. Aliutazama ule mkono, kisha akamtazama mdogo wake, fundi wa visukuku, ambaye tayari alikuwa ameinama na kitambaa huku uso umemshuka.

"Acha kufuta," dada alisema. "Si uliniambia limepona?"

Naam, alimwambia. Birika lilikuwa la marehemu mama yao. Lilivunjika wakiligombania siku ya kugawana vyombo, pale fundi alipopayuka kwamba dada yake alimuuguza mama kwa kuimezea mate nyumba. Jamani, maneno gani hayo ya kumwambia mtu aliyekesha na mgonjwa! Aliyajutia hata kabla hayajamwisha mdomoni. Akaondoka na vigae, akavishughulikia karakanani kama anavyoshughulikia mifupa ya kale iliyogeuka mawe: nyufa akazijaza gundi laini iliyokorogwa na unga mweupe, ile ambayo ukiipaka asetoni inalainika na kutoka yote, mfupa ukabaki kama ulivyokuwa. Joto nalo huilegeza. Kanuni yao kazini ni moja tu: usitie katika ufa kitu ambacho atakayekuja baada yako hataweza kukitoa.

"Ulijua halitastahimili moto?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Nilidhani utaliweka kabatini, dada. La kutazama tu. Sikudhani ungenitilia chai."

Hapo ndipo palipomuuma. Hakuwahi kuamini kwamba angesamehewa kiasi cha kumiminiwa kikombe. Dada naye alikuwa amelitoa kabatini leo kwa mara ya kwanza, akalisuuza, akatandika kitambaa kizuri.

Alivikusanya vigae kwenye taulo, akalifunga. "Wewe kila kitu chako lazima kiwe na mlango wa kutokea. Haya, chukua. Na safari hii tia ile isiyotoka."

Gundi hiyo ipo karakanani, ya mirija miwili, imesukumwa nyuma kabisa ya rafu. Kwenye mfupa ni mwiko. Ukishaichanganya inaganda, basi tena. Fundi aliikoroga. Mbele yake lilikuwepo taya la kale, nyufa zake zimejazwa rangi iliyopauka kidogo kuliko mfupa ili asidanganyike mtu, na lolote humo angeweza kulifungua kesho akaanza upya. Aliubana mkono wa birika, akapangusa jasho, na alipotazama tena ulikuwa umekwenda upande. Akaidaka chupa ya asetoni kwa mazoea, akasugua, akasugua. Wapi!

Akapiga simu.

"Dada, mkono umekaa upande."

"Si uurekebishe."

"Safari hii haiwezekani."

Fundi akakumbuka kwamba tangu siku ile hajawahi kuomba radhi kwa kinywa chake. Alipeleka birika tu.

"Dada, yale niliyokuambia, ya nyumba..."

"Unashika?" dada alimkatiza.

"Nini?"

"Huo mkono. Unashika?"

"Unashika."

Dada hakukata simu. Upande wa pili bomba lilifunguliwa, na maji yakaanza kuingia kwenye sufuria ya chai.