Kiti cha Nyuma

Tulikuwa bado tunafunga mlango wa nyumba mke wangu Puseletso aliponiambia, "Baba Kamohelo, hii ndiyo ya mwisho. Ukiikataa na hii, mimi nakwenda Durban kwa basi. Wewe utanikuta huko ukipenda."

Kwa miezi saba nilikuwa nimekagua pikipiki kumi na moja, na zote nilizikataa kwa sababu za maana. Hatukutaka makuu: pikipiki ya safari iliyotumika, ya cc mia saba hivi, yenye kioo cha kukinga upepo, masanduku ya pembeni, na kiti cha nyuma ambacho mgongo wa Puseletso ungekivumilia kutoka Bloemfontein mpaka baharini. Mgongo huo uliumizwa na pikipiki yangu ya zamani, iliyokuwa na kiti kigumu kama benchi la kanisa. Safari ya mwisho alishuka akilia, na tangu hapo hajapanda tena. Alikubali kujaribu mara moja tena tu, kwa sababu mimi nilimbembeleza.

Puseletso mwenyewe aliwahi kuendesha, akipeleka barua huko Welkom kabla hatujaoana. Leseni anayo mpaka leo. Kila miaka mitano huenda kupanga foleni aihuishe, sijui ya nini.

Mimi nimekula mshahara wa kampuni ya bima miaka ishirini na sita nikikagua magari yaliyogongwa. Katika miaka yote hiyo simkumbuki mtu aliyeniambia ukweli kabla sijamuuliza mara ya tatu. Watu husema nina roho ya polisi. Acha waseme, mimi bado sijauziwa mkweche.

Muuzaji alikuwa Ladybrand, mzee mmoja aitwaye Ntate Selebalo, yaani Baba Selebalo kwa Kisotho. Kwenye simu nilimpa sharti langu la siku zote: asiiwashe mpaka nifike. Pikipiki yenye ugonjwa hujificha ikishapata moto. Ukiikuta baridi, tena asubuhi ya Julai kwetu Free State, barafu ikiwa bado juu ya nyasi, ndipo inakohoa, inatoa moshi na kusema yote. Mzee akasema, "Njooni saa nane mchana, ntate. Jumamosi asubuhi nina shughuli."

"Shughuli gani?"

"Shughuli zangu," akasema.

Hapo akawa amejichongea. Tulifika saa nne asubuhi.

Tulimkuta uani anavua glavu. Alikuwa mrefu, amekonda, kichwa kimenyolewa kipara, na kwenye mkono wa kushoto wa koti lake la ngozi kulikuwa na kipande cha kitambaa cheusi kimebanwa kwa pini. Nikakiona na nikakiandika kichwani: koti limechanika upande wa kushoto. Pikipiki ilikuwa imesimama nyuma yake, ya rangi ya kijivu, safi, nzuri kuliko picha. Nikaenda moja kwa moja nikaweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya moto kiasi cha kuniunguza.

"Mmewahi," akasema mzee.

"Tumewahi," nikasema, "na wewe umewahi zaidi."

Puseletso alibaki naye wakisalimiana. Nilimsikia akishusha sauti, lakini sikuwa na muda wa salamu. Nilikuwa nimeshapiga magoti na tochi yangu. Kioo cha kutazamia nyuma cha kushoto kilikuwa kipya, cha kulia kimezeeka. Ncha ya usukani upande wa kushoto ilikuwa imekwanguka. Tairi na mabati ya chini yalijaa udongo mwekundu ambao bado ulikuwa na unyevu, wakati barabara yote ya kuja pale ni lami. Na kiti cha nyuma hakikuwa cha kiwandani. Kilikuwa kimeshonwa upya, kipana, kimeinuliwa mahali pa kuegemea. Kwa nini mtu ashone upya kiti cha nyuma na kile cha mbele akiache na nyufa zake? Tena bei aliyotutajia ilikuwa ya chini mno.

"Unaipima homa, baba?" Puseletso akaniuliza.

"Ninayo sababu."

"Acha nikae kwanza, halafu utaendelea kuipapasa."

Akapanda kiti cha nyuma, pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi yake. Akaegemea. Akasogea mbele, akasogea nyuma, akafumba macho. Nilimwoa mwaka wa themanini na tisa na ninaijua sura yake akiwa na maumivu. Haikuwa ile. Alikaa pale kitambo, na aliposhuka alikuwa anatabasamu peke yake. Nikaingiwa na hofu kweli, maana muuzaji akishaona tabasamu kama lile basi umekwisha.

"Mama Kamohelo, njoo kando," nikamnong'oneza. "Hii imeanguka. Imeanguka na mtu."

"Baba Kamohelo, nakuomba. Mtazame huyo mzee vizuri kabla hujafungua mdomo."

"Nimemtazama. Hata koti lake limechanika upande uleule."

Akanitazama kama hanijui. Lakini mimi nilikuwa nimeshamgeukia mzee.

"Ntate Selebalo, tusizungushane. Nilikuomba usiiwashe, umeiwasha. Umeipitisha porini asubuhi hii hii, sijui unajaribu nini. Imeanguka upande wa kushoto, na aliyekaa nyuma aliumia, ndiyo maana kiti kimeshonwa upya. Niambie, umemuua nani na hii?"

Mzee alikuwa anakunja glavu zake, akazikunja tena, polepole.

"Imeanguka, kweli," akasema. "Mwezi wa tatu, hapo ulipopiga magoti. Mke wangu alikuwa hawezi tena kushuka mwenyewe. Miguu ilimlegea, nikaiachia pikipiki ili nimshike yeye. Kiti nilimshonea mimi, ugonjwa ulipomwingia mifupani, kwa sababu alikataa kuacha kusafiri. Tumemzika wiki tatu zilizopita. Kila Jumamosi asubuhi naenda kumsalimia. Hiyo ndiyo shughuli yangu, ntate. Ningekuambia kwenye simu, lakini sikuwa nakujua."

Ndipo nilipokiona kile kitambaa. Kwetu kitambaa cheusi kwenye mkono wa koti ni cha msiba, na kichwa hunyolewa kwa ajili hiyohiyo. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Mimi mwenyewe nilikivaa miezi mitatu nilipomzika mama yangu, na Puseletso ndiye aliyekuwa akinibania ile pini kila asubuhi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Puseletso alishajua tangu tulipoingia uani. Kumbe zile salamu za sauti ya chini zilikuwa za pole.

Mzee akatoa ufunguo mfukoni. Nilinyoosha mkono, akaupitisha mbele yangu akampa mke wangu.

"Wewe sikuuzii," akaniambia bila hasira. "Mama nitamuuzia akitaka. Ameniambia leseni anayo. Mama, ijaribu. Pita kanisani, ukate kulia, uifikishe makaburini. Na huyu mkaguzi umbebe, akakague."

Tulivaa kofia za pikipiki tulizokuja nazo. Puseletso akaiwasha, akaachia klachi taratibu kama mtu aliyeiendesha jana, nami nikapanda nyuma. Njiani nilisikiliza injini. Sijivunii, lakini niliisikiliza, na haikuwa na kasoro.

Lami iliishia kwenye geti la makaburi. Ndani udongo ni mwekundu. Kaburi lake lilikuwa la mwisho kwenye safu, bado halijawekewa jiwe, lina kibao tu: Nthofeela Selebalo. Alama za tairi zilikuwa zimetoka getini mpaka miguuni pake na kurudi, safari tatu, za zamani zimeanza kufutika na za leo bado mbichi. Kando yake kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, aliyesimama mahali pamoja muda mrefu.

Nikachutama, nikapima michirizi ya ile alama kwa kidole, kisha nikainuka kwenda kuitazama tairi ya nyuma.

"Unafanya nini?" Puseletso akauliza.

"Zinalingana," nikasema.

Alinitazama, na safari hii hakunitania. "Naichukua," akasema. "Kwa jina langu. Mwezi wa tisa naendesha mpaka Durban. Kama unataka kuja, utakaa nyuma, na hutakagua kitu."

Nikapanda nyuma. Kiti kilinishika kiuno pale hasa ambapo mtu anayeumwa angetaka kushikwa, na nilipoegemea nilihisi mahali ambapo mgongo mwingine, mwembamba kuliko wangu, ulikuwa umeshapabonyeza. Nikajiinua, nikakaa wima njia nzima ya kurudi.

Mzee alikuwa anatusubiri getini kwake, kichwa wazi kwenye baridi ile. Nilivua kofia kabla pikipiki haijasimama, nikamwendea kumpa pole.