Mvuke Kidogo Ndani ya Chemba

Mzee Budeba alifika maabara na ndoo mkononi. Ndani yake mlikuwa na mashina ya mpunga yaliyoviringishwa kwa kanga iliyolowa. Alikuwa ametoka kijijini kwake Ubaruku alfajiri.

"Binti yangu, mimi nasema ni wadudu," alimwambia Tupokigwe hata kabla ya kukaa. "Ukibandua jani pale linapokumbatia bua, mkono unawasha. Wakulima wenzangu wanasema ni ukungu, tena eti mchunga ng'ombe kama mimi atajua nini mambo ya mpunga. Nimekataa kupuliza dawa yao. Kesho kutwa wanakaa kikao wanikatie maji ya mfereji."

Tupokigwe alikuwa fundi wa hadubini ya elektroni katika maabara hiyo ya Mbeya, na kesi aliikumbuka. Mwezi uliopita mkuu wake, Dk. Kalinga, mtu wa Iringa asiyependa kurudia kazi, ndiye aliyeandika kuwa ni ukungu. Jani lililoletwa kutoka Ubaruku lilikaushwa, likapakwa dhahabu, chemba ya hadubini ikafyonzwa hewa yote, na picha ikaonyesha nyuzinyuzi. Tupokigwe alisema siku ile kwamba zile ni mikunjo ya jani lililonyauka. Hakusikilizwa.

"Safari hii nataka kuliangalia likiwa bichi," alimwambia Dk. Kalinga.

"Bichi? Chemba isipokuwa na hewa, maji ya jani yatatoka yote. Na bila dhahabu chaji ya umeme itajaa juu yake, utaona weupe mtupu."

"Ndiyo maana sitafyonza kila kitu, Daktari. Naacha mvuke wa maji humo ndani, jani lisikauke. Elektroni zikigonga mvuke, zinazaa ioni chanya, na ioni hizo zinashuka kwenye jani kufuta chaji."

Dk. Kalinga alivuta kiti akakaa nyuma yake, mikono kifuani.

Tupokigwe alilaza kipande cha jani juu ya kipoozeo, akakishusha hadi nyuzi joto mbili, akafunga kitambuzi kinachofanya kazi penye gesi, kisha akaingiza mvuke. Skrini ikajaa kijivu, kama Mlima Loleza uliofunikwa na mawingu asubuhi ya Juni.

"Nilikuambia," alisema Dk. Kalinga.

"Gesi imezidi tu. Miale inatawanyika kabla haijafika." Hakuwa na haraka. Alilipandisha jani hadi karibu na tundu linalotoa miale, ili njia ya kupita kwenye mvuke iwe fupi. Kisha akapunguza shinikizo kidogo kidogo, akasimama pale ambapo kushuka zaidi kungelikausha jani.

Kijivu kikafunguka. Jani lilikuwa nono, seli zake zimejipanga safu kwa safu, bila uzi hata mmoja. Na kwenye mkunjo wa bua walijazana utitiri, wadogo kuliko vumbi, na mayai yao yakiwa yamerundikana pembeni. Mmoja akasogeza mguu.

"Mwite yule mzee," Dk. Kalinga alisema taratibu.

Budeba aliinama mbele ya skrini. "Ndiye huyo!" akapiga kelele. "Si huyo hapo! Wabeja sana, mwanangu," alishukuru kwa lugha ya kwao.

Dk. Kalinga hakuridhika na jani moja. Alidai mengine matatu, na yote yalisema lile lile. Hapo akachana ripoti ya zamani, akauliza kikao kinaanza saa ngapi.

Kikaoni Ubaruku alisimama mwenyewe, picha mkononi. "Nilikosea mimi, si Budeba," alisema. "Dawa mliyopuliza haikumgusa mdudu huyu."

Watu walipokezana picha. Mwenyekiti, Lutengano, aliitazama, akamgeukia Budeba. "Maji yako hayaguswi, mzee. Sasa tuambie, kule shambani kwako ulianza kuona muwasho lini?"

Budeba akavua kofia, akaanza kueleza. Hakuna aliyemkatiza. Tupokigwe, aliyekaa mstari wa nyuma kati ya kina mama, alifungua daftari lake akaandika kila neno.