Betri Darini kwa Bibi Mektrida

Sssssss.

Sauti ilitoka jikoni, nyembamba na ndefu, kama ya mtu anayevuta hewa kwa meno baada ya kutafuna pilipili. Fabian, aliyekuwa uani akipasua kuni, aliliacha shoka hewani akatega sikio. Sauti ikakatika. Kisha ikarudi, safari hii na hasira zaidi.

"Nyoka!" bibi yake, Mektrida, alipiga ukelele kutoka ndani. "Fabian! Nyoka yuko darini, anakula ndizi zangu!"

"Nyoka hali ndizi, Bibi!"

"Huyu anakula! Lete panga, acha kunisomesha!"

Fabian aliingia mbio. Juu ya mafiga palikuwa na dari la fito, jeusi kwa masizi ya miaka mingi, na huko juu, chini ya majani makavu ya mgomba, ndizi za mbege zilikuwa zimelala zikiiva kwa moshi. Hazikuwa ndizi tu zile. Zilikuwa posa ya Fabian. Kesho yake zingemenywa na kuchemshwa, zikae mpaka zichache, zichanganywe na uji wa ulezi, na Jumamosi ya wiki ya pili pombe ingebebwa hadi kwa Mzee Aristides kwenda kumwomba binti yake, Hilda. Baada ya Jumamosi hiyo ilikuwa inakuja Jumatano ya Majivu, na ndani ya Kwaresima hakuna mtu pande zile za mji wa Mkuu anayepeleka posa. Ingebidi kungoja Pasaka. Na kulikuwa na jamaa mmoja wa Tarakea, mwenye pikapu, ambaye shangazi yake Hilda alimsifia kila Jumapili baada ya misa. Fabian hakuamini kwamba pikapu ile ingengoja Pasaka.

Pa!

Moto uliruka kutoka kwenye majani, mweupe, mkali kama wa fundi wa kuchomelea mageti. Moshi mzito ukashuka na harufu kama ya dawa ya kupulizia mibuni. Kuku waliokuwa wakidonoa karibu na mlango waliondoka wote pamoja na hawakuonekana tena mpaka jioni. Fabian alitupa panga, akanyakua jembe, akayavuta majani yanayowaka yakaanguka chini, na katikati yake kikaanguka kitu kidogo, cheusi, bapa, kikifoka na kurukaruka sakafuni kama panzi aliyekanyagwa.

"Toka nje, Bibi! Usivute huo moshi!"

Alikisukuma kile kitu kwa jembe mpaka uani, akakifukia kwa udongo, akarudi na ndoo ya maji kuzima majani. Moshi ulipopungua, alipanda juu ya kinu kutazama ndizi. Zilizoungua zilikuwa chache. Lakini alipomenya moja iliyokuwa salama akaitia mdomoni, aliitema hapohapo. Dari lote lilikuwa limelowa ile harufu.

Alishuka polepole. Alikwisha kukijua kile kitu.

"Bibi, nani ameweka betri ya simu darini?"

"Mimi," Mektrida alisema, bila haya hata kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, na pombe yake ilisifiwa mpaka na mapadri. "Niliikuta dirishani imevimba. Kitu kikivimba kimekunywa maji. Maharage yakivimba yamekunywa maji, mlango ukivimba umekunywa maji. Nikaiweka juu ikauke, kama ninavyokausha mbegu. Mbona mawe ya redio, yale betri zake, nayaanika juani kila siku na yanaamka? Nilitaka kukusaidia kazi yako."

"Kunisaidia! Bibi, umeniunguzia mke!"

"Nini?"

"Umeniunguzia mke kwa ushamba wako!"

Neno lilikwisha kutoka. Mektrida alifunga upya kanga yake kiunoni, akachukua kigoda, akakibeba mpaka upande wa pili wa nyumba, akaketi akiwa ameupa uso mlima na mgongo mjukuu wake.

"Pombe utajipikia mwenyewe," alisema. "Wewe si daktari?"

Kweli alikuwa daktari, kwa maandishi yake mwenyewe. Kibanda chake pale sokoni Mkuu kilikuwa na ubao aliouchora kwa rangi nyekundu: DAKTARI WA SIMU, ZILIZOKUFA ZINAFUFUKA. Ufundi aliupata Moshi mjini, mtaa wa Majengo, akikaa bega kwa bega na fundi mmoja mkali mpaka akaiba kwa macho kila alichokijua fundi huyo. Miaka ile simu zilikuwa zimepanda mlimani kama kikohozi; kila mzee alikuwa na yake, imening'inia shingoni au imevimbisha mfuko wa shati, na umeme wa kuichaji alikuwa nao mmoja kati ya kumi. Fabian alizichaji betri kwa zile chaja za kubana ambazo watu waliziita kobe, akabadili vioo, akasafisha zilizoanguka kwenye mchuzi. Kwa maneno hakuna aliyemweza sokoni. Alikuwa akijitungia mistari ya kuita wateja, na vina vyake vilikaa sawa hata akiwa na njaa.

Sasa alisimama uani na jembe mkononi, hana mstari hata mmoja.

Betri ile aliitoa juzi kwenye simu ya mteja. Ilikuwa imetuna kama andazi. Aliitia mfukoni ili akaitupe mahali salama, akafika nyumbani amechoka, akaiweka dirishani. Bibi aliiona usiku uleule. Akauliza, "Hii mbona imenenepa?" Naye Fabian, mdomo umejaa kiburu cha ndizi na maharage, alimjibu bila hata kugeuka: "Achana nayo, Bibi. Hutaelewa."

Hutaelewa. Kama angesema maneno matatu zaidi, ndizi zingekuwa darini zinanukia.

Alitazama kule kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la nyumbani, ulipopandwa mstari wa masale. Alikuwa na kiburi cha kutosha kuwagawia vijana wa kata nzima, na magoti yake hayakuzoea kazi ile. Lakini alikwenda, akachuma jani moja refu la kijani, akalifunga fundo, akazunguka nyumba, akapiga magoti mbele ya kigoda na kulinyoosha kwa mikono miwili. Jani la sale likishaletwa hivyo kuomba radhi, mtu wa pale hawezi kulikataa, hata kama moyo wake bado unachemka.

Mektrida alilitazama jani, akamtazama aliyelishika.

"Umechuma dogo."

"Ndilo lililokuwa zuri kuliko yote, Bibi."

"Mwongo." Akalipokea. "Haya, mume wangu, nieleze sasa. Ile betri ilikunywa nini?"

Fabian alifungua mdomo kuanza na maneno ya kifundi ya Majengo, akaufunga. Aliutazama mtungi wa pombe uliosimama kando ya mlango.

"Bibi, ukiitia mbege inayochacha kwenye chupa, ukaikaza kifuniko, ukaiweka karibu na moto, inakuwaje?"

"Inapasuka! Baba yako alinifanyia hivyo akiwa mvulana. Mpaka leo kuna kipande cha chupa kwenye ule mlango."

"Ndiyo hiyo. Ndani ya betri hakuna maji. Kuna dawa, nayo ikiharibika inachacha. Inatoa hewa, hewa haina pa kutokea, ndiyo maana inatuna. Ukiitia joto, ukiibana au ukiitoboa, inapasuka na kuwaka. Si kama mawe ya redio."

Mektrida alimkazia macho, kisha akampiga kofi la begani, la nguvu.

"Miaka hamsini napika pombe, halafu unaniambia sitaelewa? Hicho ndicho kitu pekee ninachokielewa kuliko wewe!"

Akacheka, na Fabian akacheka, akiwa bado amepiga magoti.

"Sikiliza," bibi alisema. "Nitazunguka kwa Justina na kwa wengine kuomba ndizi zilizoiva. Mimi watanipa, wewe wasingekupa hata maganda. Ila kuanzia leo, ukiona betri imetuna, unasema. Hata kama ni ya nani. Umesikia?"

"Hata kama ni ya nani," Fabian alisema.

Jumamosi ile walipanda kwa Mzee Aristides, pombe ikitangulia vichwani mwa wanawake, na aliyechaguliwa kuwa msemaji akiwa Sirili, baba mdogo wa Fabian, mtu wa maneno matamu na tumbo la kuyabeba. Njiani alimwonya Fabian zaidi ya mara moja: "Leo wewe ni bwana harusi mtarajiwa. Bwana harusi mtarajiwa hana ulimi. Ukiulizwa, unainamisha kichwa. Usiniharibie kazi na mashairi yako."

"Sawa, Baba mdogo."

Shikamoo zilitolewa na kupokewa, watu wakakaa. Mzee Aristides alikuwa mrefu, mkavu, mpima kahawa mstaafu wa chama cha ushirika, na alimwangalia kila mtu kana kwamba anamsoma kwenye mizani. Pembeni alikaa yule shangazi wa pikapu, midomo ameibana. Hilda alikuwa mlangoni mwa jiko pamoja na wasichana wenzake, akijifanya anapepeta kitu kilichokuwa safi tayari.

Sirili alizungumza vizuri. Mzee Aristides aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, na hata shangazi alisahau kununa. Ikafika zamu ya pombe. Mektrida alichota kata ya kwanza, akaonja mwenyewe kama ilivyo desturi, akachota tena, akamsogelea mwenye nyumba na kunyoosha mkono.

Mkono ukasimama njiani.

Fabian alifuata macho ya bibi yake. Kwenye mfuko wa shati la Mzee Aristides, upande wa moyo, palikuwa na simu. Mfuniko wake wa nyuma ulikuwa umeachama, umezuiwa kwa raba bendi mbili, na katikati yake betri ilikuwa imetuna kama kitumbua.

Mektrida alimgeukia mjukuu wake. Kata ilibaki hewani.

"Mama, vipi?" Sirili alinong'ona. "Mpe mzee."

Fabian alipiga hesabu. Akimnyamazia mzee, Hilda ni wake. Akisema, amemuumbua mkwe mbele ya ukoo mzima, na shangazi ana pikapu tayari. Akasimama.

"Kaa chini!" Sirili alimvuta suruali.

"Mzee, shikamoo tena."

"Marahaba. Nilidhani hutakiwi kusema."

"Sitakiwi. Lakini naomba utoe hiyo simu mfukoni, uiweke chini, mbali na watu. Taratibu, usiibane."

Shangazi alifunua midomo yake kwa mara ya kwanza siku ile. "Mmemsikia? Amekuja kuomba mke au kupora simu?"

"Simu hii," Mzee Aristides alisema polepole, "inafanya kazi. Nimeifunga mwenyewe."

"Umeifunga vizuri, mzee, na ndiyo shida yenyewe. Ni kama chupa ya mbege inayochacha na wewe umekaza kifuniko. Hewa iliyo ndani inatafuta njia. Wiki iliyopita moja kama hiyo ilipasukia kwetu darini, ndizi za posa hii zikaharibika zote. Hizi unazotaka kunywa ni za majirani. Yetu ilikuwa darini. Yako iko juu ya moyo."

Mzee aliigusa simu kwa ncha ya kidole. Akaukunja uso.

"Ina joto," alikiri.

"Baba, nilikwambia!" Sauti ilitoka mlangoni mwa jiko. Hilda alikuwa ameweka ungo chini. "Nilikwambia tangu Jumatatu kwamba imenenepa."

"Nami nikakujibuje?"

"Ulisema sitaelewa."

Kicheko kikubwa kutoka kwa Mektrida kiliimwaga nusu ya kata. "Hata huyu!" alisema. "Mjukuu wangu naye aliniambia hivyohivyo. Ndiyo ikanilipukia!"

Wakacheka wote, na mwisho akacheka hata Mzee Aristides, kwa pua tu, kama mtu anayepunguza kilo kwenye mizani kwa shingo upande. Alizifungua raba bendi, Fabian akamsaidia kuitoa betri bila kuikunja, akaitia kwenye kopo lenye mchanga mkavu na kulipeleka peke yake kwenye uwazi, mbali na nyumba, zizi na watoto.

"Isichajiwe tena wala isitupwe motoni," alisema aliporudi. "Jumatatu nitakuletea nyingine ya kuaminika, na hiyo nitaiondoa mwenyewe."

Mzee aliipokea kata, akanywa, akafuta ndevu. Akanywa tena. Pombe ya Mektrida ilimlegeza bega moja, halafu la pili.

"Kijana, umenivua simu mbele ya wageni," alisema. "Unajua kusema na wazee, hilo nimeliona. Lakini bibi yako ametuambia ulivyosema naye nyumbani, ambako hakuna wa kukusikia. Binti yangu anauliza sana. Aliuliza sana tangu mdogo. Siku atakapokuuliza kitu, na wewe umechoka, itakuwaje?"

Sirili alifungua mdomo wa usemaji. Mzee alimnyamazisha kwa kiganja.

"Wala usinijibu mimi. Mjibu yeye."

Fabian aligeuka. Hilda alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatabasamu na hataki ionekane. Mistari yote aliyowahi kuitunga ilimjia mdomoni kwa pamoja, akaiacha ipite.

"Hilda," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye migomba, "ukiniuliza, nitakueleza. Usipoelewa, kosa ni la maelezo yangu, nitaeleza upya. Na nisipojua mwenyewe, nitasema sijui. Lakini lile neno la hutaelewa, nakuahidi, hutalisikia kinywani mwangu maisha yangu yote."