Anayeweza Kulizima

Mkiniona leo shingo imepinda upande wa kushoto, msisingizie uzee. Ni injini ya dizeli iliyonifanya hivi. Injini, na mikono ya shemeji yangu, lakini mikono tutaifikia.

Baba mkwe alipofariki aliacha gari moja la porini, lile la kupanda milima na kuvuka mito, bati nene, magurudumu yote manne yanavuta. Injini yake ya petroli ilikuwa imepasuka silinda miaka sita kabla ya kifo chake. Siku mbili kabla ya kukata roho alituita watatu, mimi, mke wangu na mdogo wake, yule shemeji, akasema kwa sauti ya kukwaruza: "Gari ni la yule anayeweza kulizima."

Tukatazamana. Gari lenyewe lilikuwa maiti, nani alizime? Shemeji akaninong'oneza, "Mzee kachanganya. Alitaka kusema kuliwasha." Nami, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika ukoo ule, nikakubaliana naye. Tukapeana mikono pale pale: atakayelitia injini ya dizeli likawaka, gari lake.

Mke wangu akarudi kazini kwake. Yeye ana bucha, ukuta mmoja na uwanja tulipolisimamisha lile gari, na mtu anayepasua mifupa tangu alfajiri hana shida ya maneno.

Shemeji huyu mtaani wanamwita Nyundo. Mabega yake hayaingii mlangoni bila kukaa upande. Maisha yake yote amefungua magari ya petroli. Mimi nimestaafu idara ya maji, miaka thelathini na mmoja nikilala ubavuni mwa pampu za dizeli. Hakuna aliyenifundisha, zilinifundisha zenyewe kwa kuniunguza.

Basi asubuhi moja kila mtu akaja na chaguo lake. Nyundo aliburuta injini ya lori lililopinduka, yenye tabo ya kuisukumia hewa, kilo mia nne na ushee. Akaiketisha juu ya magogo mawili na kuifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya banda. Mimi nilikuwa na injini iliyotolewa kwenye mashine ya kutobolea barabara: silinda nne, haina tabo, haina kompyuta, kilo mia mbili na hamsini.

"Hiyo ni cherehani," Nyundo akasema, akiipiga teke. "Utashonea suruali."

"Na yako ni jeneza, shemeji. Ukiipachika mle mbele, springi zitalala chali. Chini itagonga difu, ile gia ya ekseli, kwenye shimo la kwanza. Na gia boksi ya gari hili itasagika kama karanga siku utakayokanyaga mafuta."

"Mlima unataka nguvu!"

"Mlima unataka nguvu ya chini. Injini iende mwendo wa kinyonga na isizimike. Yako nguvu zake zinakuja ikishakimbia. Kwenye mawe utakimbilia wapi?"

Nikachomeka kidole kwenye bomba la tabo. Kilitoka cheusi, kinadondosha. "Tabo inavuja oili. Hii usiiwashe kabla hujaifungua."

Nyundo akacheka. "Wivu wa kizee."

Hapo nasema kweli yote: nilianza mimi. Nilikuwa na spana kubwa mkononi, ile ya thelathini na mbili, nikampiga nayo muundi. Ulilia kama kuni kavu. Naye hakulia, alinishika ukosi akanipa kichwa cha mdomo. Meno mawili yakaniaga. Moja nilimeza, la pili ninalo kabatini, anayebisha aje alione. Nikampiga spana ya bega, akaipokonya, akaitupa juu ya bati la banda, kisha akanibeba mzimamzima. Akanilaza juu ya bampa la gari la marehemu na kuniangushia boneti mgongoni mara tatu, kama mtu anayelazimisha sanduku lililojaa lifunge. Mara ya tatu nilipata nafasi ya kumng'ata paja. Nikaling'ang'ania mpaka nikasikia ladha ya damu, na sikujua ni yake au yangu.

"Mbwa wewe!" akafoka.

"Bweka basi tuwe wawili!" nikamjibu, maneno yakitoka na mate mekundu.

Akajitoa, akakimbia kwa mguu mmoja hadi kwenye injini yake. Swichi ya lile gari tulikuwa tumeichomoa pamoja na ufunguo wake, tukaiunga kwa waya ili kujaribia injini. Akaukamata ufunguo. "Sasa utaona mwenye gari!"

Iliwaka. Ilikohoa moshi mweupe, ikatulia, ikanguruma vizuri tu. Halafu, bila mtu kugusa kitu, mlio ukaanza kupanda. Ukapanda tena. Moshi ukawa mzito kama godoro. Nyundo akatabasamu, damu ya mdomo wangu kwenye paji lake. "Isikie hiyo!"

"Inakula oili yake!" nikapiga kelele. "Imejiachia hiyo!"

Tabasamu likamtoka. Akazungusha ufunguo kuzima. Injini haikumjali. Akauchomoa, akautupa. Haikumjali. Akazing'oa nyaya za betri kwa mikono mitupu, cheche zikamrukia usoni, na injini ikazidi kupaa. Kwa mtu wa petroli huo ndio mwisho wa elimu: ukikata umeme, imekufa. Dizeli ikishawaka haiombi cheche kwa mtu. Hata bomba la mafuta ungelikata, ile ilikuwa na chakula kingine tumboni. Dawa yake ni moja tu, kuibana pumzi.

Nikanyakua kipande cha mbao, nikaelekea kwenye mdomo wa bomba la hewa. Nyundo akaniona. Mnajua alifikiri nini? "Unataka kuiua uchukue gari!" Akanirukia mgongoni, akanizungushia mikono yote miwili shingoni.

Nikataka kumweleza. Nitaeleza kwa koo lipi? Pale palikuwa na wawili, mimi na injini, mmoja wetu anatakiwa kubanwa pumzi, na Nyundo alikuwa amekosea wa kumbana. Nilisikia kitu kimelia shingoni, kaa! Macho yakaanza kuona uwanja mwekundu.

Feni ya injini ikapasuka. Panga la kwanza lilipita juu yetu likachana bati la paa kama karatasi. La pili lilimkata Nyundo ncha ya sikio. Kipande kile hatujakipata hadi leo, na nina shaka na paka wa buchani. Akaniachia, akaanguka ameshika kichwa, damu inapita kati ya vidole. Injini sasa ilikuwa inaruka juu ya magogo, mnyororo unaikata nguzo, inatusogelea hatua kwa hatua kama fahali aliyefungwa kamba fupi. Boliti moja ilichomoka, ikatoboa ukuta wa bucha na kuzama kwenye paja la ng'ombe lililoning'inia.

Hilo paja lilikuwa limeshapata mteja. Mlango wa bucha ukafunguka.

Mke wangu alitoka na aproni yake ya damu, ubao wa kukatia nyama kifuani. Hakutuuliza hali. Alizunguka nyuma ya moshi, akatafuta mdomo wa bomba la hewa, akaubamizia ubao. Pwaa! Injini ikavuta, ikavuta tena, ikatetemeka mwili mzima kama kuku aliyechinjwa, ikanyamaza.



"Mlikuwa mnangoja nini?" akauliza. "Ishibe?"

"Dada," Nyundo akasema kutoka chini, "wewe umejuaje?"

"Wewe ulikuwa bado unabebwa. Injini ya kinu cha baba ilijiachia hivi hivi, nikamwona anavyoiziba. Akaniambia kuwasha hata mjinga anawasha."

Mimi na Nyundo tukatazamana, macho yangu mawili yamevimba na mawili yake yana damu. Mzee hakuwa amechanganya neno hata moja.

Mke wangu akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Nyundo aliutafuta kwa magoti, kwenye oili na damu yake mwenyewe, akampa.

"Ipi nyepesi?"

Nikaelekeza kidole, sauti ilikuwa haijarudi.

"Basi pachikeni cherehani. Mmoja huku, mmoja kule. Nitakayemwona amemgusa mwenzake, namuuza kwa robo robo."

Kwa siku kumi na tisa tukaifunga, mmoja anachechemea, mwingine anatazama kushoto tu. Gari linapanda mawe polepole, haliguni. Mke wangu ndiye dereva. Sisi tunakaa nyuma na nyama. Akifika hulizima mwenyewe, kisha hugeuka kututazama, mmoja mmoja, mpaka tuinamishe macho.

Ubao nao bado uko buchani. Katikati una duara jeusi, mdomo wa ile injini ulivyouma, kina cha nusu kidole. Mke wangu hukatia nyama pembeni yake.