Hesabu Hadi Tano

Mimi ndiye niliyewafundisha kusubiri. Nalisema mapema, mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Kazi yangu ni kupiga simu. Kuna utafiti unafanyika katika ofisi moja ya Braamfontein, ghorofa ya nne, kuhusu mapafu ya watoto wachanga. Kina mama walichomwa sindano wakiwa wajawazito. Nusu yao walipata chanjo ya kirusi kinachowabana watoto kifua msimu wa baridi, nusu maji ya chumvi tu, na hakuna anayejua nani kapata nini mpaka utafiti uishe. Mtoto akishazaliwa, kila Alhamisi tunampigia mama yake, kwa miezi sita. Mama akisema mtoto anakohoa au anapumua mbio, gari linatoka siku hiyohiyo kumfuata, lina muuguzi ndani na oksijeni. Bila simu gari halitoki. Mimi nawapigia wanaosema Kiswahili: Wakongo, Warundi, na Watanzania wenzangu wachache.

Nilipoajiriwa walinipa karatasi yenye maswali manne, yaliyotafsiriwa na mtu ambaye sidhani kama aliwahi kumsalimia jirani yake. Swali la kwanza: "Mtoto ni mgonjwa?" Nilicheka hadi daktari wa utafiti akaja kuuliza kuna nini. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hakurushii msiba usoni. Ukimuuliza habari za nyumbani, atakwambia nzuri. Atanyamaza kidogo. Kisha atasema, ila mzee tumemzika juzi. Ukiaga kabla hajafika hapo, umepoteza vocha yako bure.

Daktari akapenda, akaniambia niandike mwongozo. Nikauandika: salimia, uliza nyumba, uliza baba, uliza mtoto. Akishajibu "mzima", usiseme kitu. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kisha uliza, amelalaje? Ukabandikwa ukutani, nami kila nikipita nautupia jicho. Nina miaka thelathini na zaidi tangu nimfuate marehemu mume wangu huku kwao kutoka Morogoro, alikokuwa amekimbilia enzi za harakati za uhuru. Nimefua nguo za watu, nimepika kantini, nimeuza vitumbua. Hakuna aliyewahi kubandika maneno yangu mahali.

Baridi ya mwaka huu ilipoingia, orodha ikawa ndefu. Msimamizi wetu ni Jeremia, mtoto wa Watanzania aliyezaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia kidogo lakini hujibu kwa Kiingereza. Shikamoo tu ndiyo aliyofundishwa na mama yake. Akabandika karatasi nyingine kando ya mwongozo wangu, majina yetu na wastani wa dakika tunazotumia kwa kila simu. Wenzangu dakika mbili, tatu. Mimi, Kudra, saba. Nilikuwa wa mwisho, kwa wino mwekundu.

"Shikamoo, mama," akaniambia Alhamisi ile asubuhi. Kisha kwa Kiingereza chake akasema kwamba ananiheshimu, lakini anaona napiga soga na wateja.

Sikuitikia marahaba. Soga! Nilikaa kwenye kiti damu ikinichemka, nikaapa kwamba leo nitamwonyesha. Hasira hasara, methali hiyo nimewaimbia wanangu mpaka wakanichoka. Nikavaa vifaa vya masikioni, nikaanza: hujambo, mtoto, mzima, haya, kwaheri. Anayefuata.

Wa tisa alikuwa Goreth.

Goreth ni Mrundi, anasuka nywele Newtown, anakaa Bertrams mitaa miwili kutoka kwangu. Mumewe, Adrien, analinda magari karibu na uwanja wa mpira. Sonia alikuwa mtoto wao wa kwanza, wa miezi minne. Nilimjua kwa sauti, maana siku zote alikuwa akiguna karibu na simu, na mama yake akisema, "Anakusalimia, Mama Kudra."

"Mama Sonia, habari za nyumbani?"

"Nzuri, Mama Kudra."

"Mtoto?"

"Ni muzima, tunashukuru Mungu."

"Haya, sharp, tutaongea wiki ijayo."

Nikabonyeza. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha "mzima". Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza orodha yote, na Jeremia akanipigia makofi mbele ya watu. Nilifurahi. Hilo linaniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Sonia alifariki Jumamosi asubuhi ndani ya teksi, akiwa mapajani mwa mama yake, kabla hawajafika hospitali.

Jumatatu Jeremia akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. Si kijana mbaya. Ripoti ya kifo ilipaswa kwenda kwenye kamati siku ya Jumatano, na alikuwa ameshaanza kuiandika. Akanisomea: mama alipigiwa simu siku mbili kabla ya kifo na hakutaja dalili yoyote.

"Ndivyo fomu inavyosema," akasema. "Na inakulinda na wewe, mama."

Simu zetu zote hurekodiwa. Nikaomba niisikilize hiyo, peke yangu. Ilikuwa ya sekunde kumi na nne. Goreth anasema tunashukuru Mungu, mimi namrukia na "haya, sharp", na chini ya sauti yangu, ukiongeza sauti ya kompyuta mpaka mwisho, anavuta pumzi na kusema, "Ila..." Halafu kimya. Niliirudia mara sita, namtafuta Sonia. Siku ile hakuguna.

Jumanne tulikwenda Bertrams, daktari na mimi. Kila mtoto akifa, utafiti unataka mama aulizwe ugonjwa ulianza lini, ulikwendaje, na kama alitoa taarifa. Daktari aulize, mimi nifasiri.

Vitanda vilikuwa vimetolewa nje, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Goreth alikuwa kwenye kona, amejifunga kanga ileile ya kumbebea mtoto. Nikapiga magoti mbele yake, na ulimi ukanitoka kwa mazoea.

"Mama Sonia, habari za hapa?"

"Nzuri, Mama Kudra," akasema. Na mtoto wake alikuwa bado mochwari.

Adrien alisimama mlangoni na kizibao chake cha kazi. "Mumuulize yeye," akasema. "Ile usiku ya Jumatano mutoto alihema mpaka asubuhi. Nikamwambia, kesho ni siku ya simu, useme. Mukapiga. Akasema ni muzima! Mwenyewe alikubali kwamba alisema ni muzima."

Wanawake wakainamisha vichwa. Goreth hakuinua wake.

"Ni kweli," akasema. "Nilijibu vibaya. Ni mimi."

Daktari akaniinamia. "Amesema nini?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Ningeweza kufasiri sentensi ile kama ilivyokuwa. Isingekuwa uongo. Ingeingia kwenye ripoti ya Jeremia bila kubadilishwa nukta, nami ningerudi kwenye kiti changu, bibi wa miaka sitini mwenye mkataba wa mwaka mmoja. Na Goreth angebaki katika chumba hiki na Adrien, na neno hilo katikati yao, maisha yao yote. Niliogopa, sitaficha.

"Baba Sonia, nisikilize," nikasema. "Si yeye. Alianza kusema, nikamkatia simu. Nilikuwa nimekasirishwa na mtu ofisini, nikataka kumaliza haraka. Sauti yake ipo kwenye mashine, nimeisikia. Mkeo alianza kusema, mimi sikumngoja."

Adrien alinigeukia. Nilidhani atanipiga, na sijui kama ningejikinga. Akamtazama mkewe. Kisha akatoka, tukamsikia akilia kule nje kwa sauti kubwa, watu wakipita.

Goreth sasa alikuwa ameinua uso.

"Nilikungoja," akasema. "Nilisema, leo Mama Kudra ana haraka, atapiga tena, yeye huwa anauliza amelalaje. Namba yenu mimi nikipiga haiiti. Ijumaa Adrien alisema twende kliniki, nikakataa. Nikasema tungoje, gari lao liko na oksijeni. Ijumaa muzima nilikaa na simu mukononi."

Nilishika miguu yake nikalia pale mkekani, mtu mzima na mvi zangu. Akaniacha nilie. Baadaye akanigusa bega.

"Uniulize sasa," akasema.

"Nikuulize nini, mwanangu?"

"Kama siku zote. Uniulize, niseme. Ile maneno haijatoka, iko hapa." Akajigusa kifuani.

Nikajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Mama Sonia, habari za nyumbani?"

"Nzuri, Mama Kudra."

"Mtoto?"

"Ni muzima, tunashukuru Mungu."

Nikanyamaza. Moja. Mbili. Tatu. Hakuna aliyekohoa mle ndani. Nne.

"Ila usiku hakulala," akasema Goreth. "Anapumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani. Ziwa analikataa. Tuma gari, Mama Kudra. Utume gari."

Daktari alikuwa ameshika kalamu juu ya fomu, anatutazama bila kuelewa. Nikamfasiria yote, nikianza na la kwangu. Aliandika kwa muda, kisha akauliza taratibu, kwa kuwa fomu ilitaka, ni lini mama alitoa taarifa ya dalili hizo.

"Alhamisi," nikamwambia. "Andika Alhamisi, saa tatu asubuhi. Na aliyepokea, andika jina langu."