Hewa Ilikuwa Inatosha

"Huyu mzee ni mjinga!" Ciakuthii alifoka, akaitupa rimoti ya gemu kwenye kochi. "Hewa ilikuwa inatosha, Baba! Si umeona mwenyewe? Mtungi ulikuwa bado nusu!"

Kwenye kompyuta, mchimba madini mzee aitwaye Haron alikuwa amelala chali vumbini, binti yake Sefa akimlilia. Miezi mitatu mizima Ciakuthii na baba yake, kwao Siakago, walikuwa wakiifuata hadithi hiyo, kila alasiri baba alipotoka Embu kusafishwa damu kwa mashine. Ciakuthii, fundi wa simu pale sokoni, ndiye aliyecheza na kutafsiri. Baba yake, Munyi, muuzaji wa ndengu, alikaa kando akitoa amri kama kocha, huku akimung'unya kipande cha barafu, kwa maana maji alikuwa anapimiwa vikombe viwili kwa siku. Katika gemu hiyo baba na binti wanatoroka mgodi ulioporomoka, wanavuta hewa ya mtungi mmoja kwa mipira miwili. Wamevumilia moto, wamevumilia mafuriko. Sasa mlango wa kutokea unaonekana kabisa, hatua mia tatu tu, halafu Haron anauchomoa mpira wake. Hakuna aliyemlazimisha. Mchezaji hapewi hata nafasi ya kumzuia.

"Amefanya vizuri," Munyi alisema.

"Vizuri wapi? Nimepiga hesabu. Wangefika wote wawili na hewa ingebaki!"

"Hesabu ni yako. Mpira ni wake."

Tusidanganyane hapa: hakuna aliyekuwa akibishana juu ya gemu. Chini ya Biblia, juu ya kabati la vyombo, kulikuwa na fomu ya hospitali ambayo ilikuwa imekaa siku kumi bila sahihi. Figo la Ciakuthii lilikuwa limepimwa likakubaliana na mwili wa baba yake, jambo ambalo daktari alisema ni bahati kubwa. Kilichobaki ni mgonjwa kutia sahihi. Ikifika Ijumaa bila fomu, nafasi ingepewa mgonjwa mwingine, na foleni ianze upya. Leo ilikuwa Jumatano, na miguu ya Munyi ilikuwa imevimba hata viatu vya plastiki havimwingii.

Na kwa nini alikataa? Haki ya Mungu, ukisikia sababu utashika kichwa. Ciakuthii alikuwa binti wa kwanza, na kwa Wambeere binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Kwa wengine jina ni jina tu. Kwa Munyi halikuwa jina tu. Tangu mtoto akiwa wa kubebwa alimwita Mama, akamnunulia leso, akampa kiti chake wageni wakija. Mtoto akikosa, aliyemchapa fimbo ni Regina, mke wa Munyi. Munyi alitoka nje mpaka kilio kiishe, akisema hajaona mtu anayempiga mama yake. Majirani walicheka, na Ciakuthii mwenyewe alideka vilivyo. Nani angejua kwamba mapenzi hayo yangekuja kumuua mzee?

"Siwezi kumpasua mama yangu," Munyi alikuwa amemwambia daktari bila haya. Daktari alidhani amesikia vibaya.

Ciakuthii aliitwaa fomu, akaiweka mapajani mwa baba yake, juu ya blanketi. "Baba, nakuomba. Watu huishi na figo moja. Wanalima, wanazaa. Mimi ndiye nimekubali. Unataka nikupigie magoti?"

"Usipige magoti, Mama."

"Basi niambie ukweli! Usijifiche nyuma ya jina!"

Munyi alitazama nje, ambako Regina alikuwa akipepeta ndengu bila kuinua macho. Barafu ikamwishia mdomoni.

"Mwaka wa themanini na nne nilikuwa na miaka minane," alisema. "Mvua ilikataa. Tukaletewa mahindi yale ya manjano ya msaada. Mama alikuwa anatupakulia, halafu anasema yeye ameshakula. Kila siku ameshakula. Nilimwamini, nikawa naomba ya kuongezwa. Nikaongezwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Siku tuliyomzika, nyuma ya mlango kulikuwa na gunia. Karibu nusu. Chakula kilikuwa kinatosha, unaelewa? Kilikuwa kinatutosha sisi wote. Mimi nimeshamla mama yangu mara moja. Usiniambie nimle tena."

Ndani ya miaka yake ishirini na sita Ciakuthii hakuwahi kusimuliwa habari ya gunia. Hesabu zake zote, karatasi zote za maabara, zilikuwa zimeshindwa na mtoto wa miaka minane aliyeomba kuongezwa chakula. Akaona baba yake atakufa. Akaona kabisa jinsi atakavyokufa, kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Hasira ikampanda, na ndani ya hasira hiyo akashika kitu pekee kilichokuwa kimebaki.

Alisimama. Akaacha Kiswahili, akaongea Kimbeere, polepole, kama wazee wa kike wanavyoongea na watoto wakaidi.

"Munyi."

Hakuwahi kumwita hivyo maishani. Regina aliacha kupepeta.

"Nani alikutuma kuhesabu chakula changu? Hukuninyang'anya. Mimi nilikupa, kwa mkono wangu, na sijawahi kukulalamikia. Miaka arobaini unanililia kama uliniibia. Sasa nakupa tena. Mama yako akikupakulia, wewe ni nani wa kurudisha sahani?"

Mzee mzima, mwenye ghala sokoni, aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, kamasi na machozi pamoja, na hakujificha. Halafu akaomba kalamu. Sahihi ilienda upande, lakini ilikuwa sahihi.

"Asante, Mama," alisema.

Ciakuthii aliikunja fomu mara mbili, akatoka kwa mlango wa nyuma akitembea wima. Alipofika kwenye zizi la mbuzi akakaa chini kwenye samadi, mkono umebana ubavu. Siku kumi alikuwa amebishana kwa nguvu zote, na hakuwahi hata mara moja kufikiria kisu cha upasuaji. Sasa alikifikiria. Alilia akiwa ameziba mdomo asisikike ndani, na kilichomuumiza zaidi ya woga ni kwamba, wakati baba yake anaomba kalamu, moyo wake ulikuwa umemwomba Mungu amfanye mzee akatae.